Kichupa cha mate au tone la damu: kipi kikupangie mazoezi na mlo hapa Mombasa?

Jumamosi moja mpwa wangu aliingia sebuleni ameshika kiboksi cheupe. "Subalkheri, mjomba. Kaka ameniletea kutoka Dubai. Natema mate humu, yanapelekwa maabara, halafu wananiambia nifanye mazoezi gani na nile nini." Ana miaka 24, hunyanyua vyuma jioni huko Tudor, na Jumapili asubuhi twakimbia pamoja pale Lighthouse, kando ya bahari ya Mama Ngina. Babu yake aliondoka na kisukari, mama yake ana presha. Swali lake halikuwa la mchezo: ateme, au kiboksi akiuze?

Nikaweka vitu vitatu mezani, karibu na birika la chai. Cha kwanza, hicho kiboksi: kipimo cha DNA cha kuagiza mtandaoni. Cha pili, vipimo vya kawaida vya maabara, yaani sukari, mafuta ya damu, wingi wa damu, presha, na kipimo cha selimundu ambayo wengi wetu twaiita siko seli. Cha tatu, daftari la shule, saa ya mkononi na uzi wa kushonea. Yeye alicheka alipouona uzi. Nitaurudia.

Niseme mapema ninakoelemea, ili usije ukadhani nimejificha: kwa mtu mwenye hela ya kitu kimoja tu, kiboksi ndicho cha mwisho kununua. Lakini sababu zake si zile za "haya mambo ya Wazungu ni uongo mtupu." Jeni ni kweli, na mazoezi yana jeni ndani yake. Tatizo liko kwingine.

Kiboksi chasoma nini hasa

DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Maabara inayopokea mate yako kwa kawaida haisomi zote. Huchungulia sehemu laki kadhaa zilizochaguliwa, na ripoti ya mazoezi na lishe hutegemea chache sana kati ya hizo. Majibu hayabadiliki tangu kuzaliwa hadi kaburini. Hilo lina uzuri wake, kwani unapima mara moja tu. Lina ubaya pia: ukinenepa kilo 15 baada ya harusi, ripoti itabaki vile vile. Damu haifanyi hivyo. Damu ya leo yaeleza ulivyoishi miezi hii, na daftari laeleza wiki hii.

Ripoti nyingi za mazoezi huanza na jeni iitwayo ACTN3. Kazi yake ni kutengeneza protini ya nyuzi za misuli zile za kasi, unazozitumia ukiruka, ukitimka mita 100 au ukinyanyua gunia kwa mpigo mmoja. Kuna watu waliozaliwa na nakala mbili zisizofanya kazi, nao hawaitengenezi protini hiyo kabisa. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni kama 18 katika kila 100. Hao huambiwa wana mwelekeo wa mbio ndefu. Wengine huambiwa wao ni wa nguvu na kasi.

Sasa ilete hesabu hiyo Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima wanariadha wa Kenya wa mbio ndefu pamoja na Wakenya wa kawaida. Waliokosa protini hiyo walikuwa kama 1 katika 100, na kati ya wanariadha na raia wa kawaida hakukuonekana tofauti ya maana. Kwa hiyo ukiwapanga vijana 100 wa Kisauni na Likoni, Wamijikenda, Wakamba na Wajaluo, karibu wote watapata karatasi inayosema jambo moja: una misuli ya kasi. Mshindi wa marathoni aliyekulia Iten naye ataambiwa hivyo hivyo. Ni sawa na mganga anayemwambia kila mteja kwamba ana hasidi mtaani. Anapatia kila mara, ila hajakusaidia. (Kwa Mbaluchi, Mhindi au mwenye damu ya Yemen huenda hesabu ikawa nyingine, na Mombasa wako wengi. Hata hivyo, kujua hilo hakuna kocha mzuri ambaye kungembadilishia ratiba.)

Jeni nyingine maarufu, ACE, nayo ilichunguzwa kwa wanariadha wa Kenya, ikashindwa kuwatenga na wananchi wengine.

Hapa ndipo watu huruka upande wa pili na kusema basi jeni si kitu. Si kweli. Huko Marekani ya Kaskazini kulikuwa na utafiti uitwao HERITAGE: familia 98, watu 481, wote wakafanya mazoezi yale yale ya baiskeli kwa wiki 20 chini ya usimamizi. Pumzi zao, yaani kiasi cha oksijeni mwili unachoweza kutumia kwa nguvu zote, ziliongezeka kwa wastani wa mililita 400 kwa dakika. Lakini kuna waliopata karibu sifuri, na kuna waliopata zaidi ya lita nzima. Na watu wa familia moja walifanana, kiasi kwamba watafiti walikadiria urithi unaweza kueleza hadi asilimia 47 ya tofauti hizo. Kwa hiyo ukiona mwenzako wa jimu anapaa na wewe unajikongoja, huenda hujazembea. Ila urithi huo umetawanyika katika jeni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo, na kiboksi kinachohesabu chache ni kama kuonja mchuzi kwa kunusa kijiko.

Ndiyo maana mwaka 2015 kundi la wataalamu wa kimataifa, katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo, walisema wazi kwamba vipimo hivi vya kujinunulia havina nafasi katika kutafuta vipaji wala kumpangia mtu mazoezi, na kwamba mtoto au mwanariadha chipukizi asipimwe kwa madhumuni hayo. Wazazi wanaopeleka watoto viwanjani waisikie hiyo.

Kitu ambacho kiboksi hakikioni: jua la Mombasa

Wenye umri wangu wanakumbuka tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa, uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu ya mashindano hayo miaka mitano mfululizo. Kama kuna mwili wa binadamu ulioumbwa kwa kazi hiyo, ni ule. Joto na unyevu wa Pwani vilimkalia hadi akajitoa kabla ya utepe, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Hakuwa peke yake aliyeachia njiani siku ile.

Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa yetu imeshiba maji, hivyo jasho linadondoka chini bila kukauka, nawe unabaki na moto ndani. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea. Programu ya mazoezi iliyotokana na ripoti yako ya DNA haijui kama unakimbia saa kumi na mbili asubuhi au saa tisa mchana, wala kama ni Ramadhani. Daftari lajua, kwa sababu umeandika wewe.

Na chakula je?

Upande wa chakula ripoti huwa tamu zaidi kusoma, na ndiyo inayowauza. Mpwa wangu alinionyesha mfano wa ripoti kwenye simu: "mwili wako hauafikiani na wanga." Mtu wa Mombasa asiyeafikiana na wanga! Wali wa nazi, mahamri, viazi karai, mhogo, sima, vyote vimekwenda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu hoja hiyo hiyo. Waliwachukua watu wazima 609 wenye uzito uliozidi, nusu wakapewa mlo wa mafuta machache, nusu mlo wa wanga kidogo, kwa miezi 12, huku jeni zao zikiwa zimesomwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Wa mafuta machache walipungua kwa wastani kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0, na tofauti hiyo haikuwa na uzito. Je, waliopewa mlo "uliolingana na jeni zao" walipungua zaidi? La. Huko Ulaya, jaribio la Food4Me katika nchi saba nalo lilikuta kwamba ushauri wa mtu binafsi unafaa kuliko ushauri wa jumla, lakini kuongeza DNA juu ya ushauri huo hakukuongeza kitu. Kilichofanya kazi ni mtu kuulizwa anakula nini na kuambiwa abadilishe nini.

Kuna jeni ya FTO, inayohusishwa na unene tangu 2007. Wenye nakala mbili za aina ya "hatari" walikuwa na uzito wa kama kilo 3 zaidi ya wasio nayo. Kilo tatu si kidogo, lakini si hukumu: uchambuzi wa mwaka 2016 wa watu zaidi ya 9,000 katika majaribio ya kupunguza uzito ulionyesha kwamba wenye FTO hiyo walipungua sawa na wengine. Unapewa jina la kumlaumu babu, basi.

Maziwa ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu hapa kiboksi chaweza kukudanganya kabisa. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa Ulaya unategemea badiliko moja la DNA. Afrika Mashariki uwezo huo huo ulizuka kivyake, kwa mabadiliko mengine. Kundi lililoongozwa na Sarah Tishkoff liliyaeleza mwaka 2007, na moja kati yake limeenea Kenya na Tanzania. Kipimo kinachotafuta alama ya Kizungu pekee kitamwambia Mmaasai aliyelelewa kwa maziwa kwamba maziwa hayamfai. Tumbo lake lingecheka. Ukitaka kujua, kunywa glasi mbili za maziwa matupu siku huna safari, ukae karibu na choo.

Kahawa vivyo hivyo. Ni kweli jeni ya CYP1A2 huamua kasi ya ini kuondoa kafeini. Lakini kikombe cha kahawa tungu baada ya Isha pale Mji wa Kale kitakujibu usiku huo huo, kwa shilingi chache.

Jambo hili la maziwa si la bahati mbaya. Hadi mwaka 2018, watu kama 78 katika kila 100 waliochunguzwa kwenye tafiti kubwa za jeni walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa 2. Ramani ilichorwa kwa mtaa mwingine, nawe unaitumia kutafuta njia Majengo.

Kinyume chake, glukometa ya dukani, ile ya kuchoma kidole, inakusoma wewe. Mwaka 2020 watafiti wa London walichapisha kazi yao juu ya watu kama 1,000, wengi wao mapacha, na hata mapacha wa kufanana kabisa, DNA moja, walipokula chakula kile kile sukari zao zilipanda tofauti. Basi pima kabla ya mahamri kwa mbaazi, pima tena saa mbili baadaye. Siku nyingine fanya hivyo kwa samaki, mchicha na sima ndogo. Siku nne za namna hiyo, ripoti unayo.

Jeni moja inayostahili kupimwa, na maabara iko hapa hapa

Kejeli itakoma kidogo hapa, maana hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwamba wenye nakala moja ya jeni ya selimundu wanakingwa na malaria, na kwamba jeni hiyo imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, si nyanda za juu. Kilifi, jirani zetu, watu kama 15 katika kila 100 wana nakala hiyo moja. Majibu ya maabara huandika AS. Hawaumwi. Wengi hawajui.

Kwa nini imhusu mtu wa jimu? Wanasayansi waliwafuatilia wanajeshi weusi 47,944 wa Marekani, matokeo yakatoka 2016. Wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao, na hilo ni la kutuliza roho. Lakini hatari ya misuli kuvunjika kwa mazoezi makali ilikuwa juu kwa asilimia 54. Misuli ikivunjika hivyo, mabaki yake humwagika kwenye damu na kuziba mafigo. Mkojo hutoka mweusi kama maji ya ukwaju, na hapo ni hospitali moja kwa moja. Mchochezi mkubwa ni joto, kiu, na kujilazimisha kupita kiasi siku za mwanzo. Joto na kiu, Mombasa. Vyuo vikubwa vya michezo Marekani vilianza kuwataka wanariadha wapimwe mwaka 2010. Huku kwetu mtu anaambiwa tu "usilegee, kaza."

Kipimo chenyewe ni damu kidogo kwenye maabara ya kawaida. Ulizia kile kinachotenganisha aina za himoglobini, kwa sababu baadhi ya vile vya haraka havitofautishi mwenye AS na mwenye ugonjwa wenyewe.

AS ina kituko kingine, nacho kinagusa vipimo vya sukari. Kile cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, huhesabiwa kisukari kikifika asilimia 6.5, na njiani kikiwa kati ya 5.7 na 6.4. Mwaka 2017 ilionekana kwamba kwa Wamarekani weusi wenye AS namba hiyo husoma chini kwa kama 0.3 kuliko sukari yao halisi. Kwa hiyo Pwani usiridhike na HbA1c peke yake. Pima na sukari ya asubuhi kabla hujala. Ikifika 7.0 (mmol/L) ni kisukari, lakini daktari hurudia kabla ya kukuandika.

Daftari na uzi

Uzi: pima urefu wako, ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Usipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hilo lasema mengi juu ya sukari na moyo. Daftari: andika mapigo ya moyo ukiamka, umekimbia wapi na saa ngapi, umelala vipi. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yamekwisha.

Mate yakishavuka bahari

Nenosiri likiibwa utalibadilisha. DNA hubadilishi, na haikusemei peke yako: inawasemea mama, ndugu na wanao ambao hawajazaliwa. Kampuni ya 23andMe ya Marekani, kubwa katika biashara hii, ilivujiwa na taarifa za watu kama milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Ikauzwa, pamoja na data za wateja. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, lakini sheria iko Nairobi na kompyuta iko ng'ambo. Halafu kuna vipimo vinavyokutafutia na jamaa. Familia zetu mwazijua. Kuna mambo yamezikwa na yamekaa vizuri.

Basi, nani achukue kipi

Kama kwenu kuna kisukari au presha, au umepita miaka 35, anzia maabara: sukari ya asubuhi, HbA1c, mafuta, presha, wingi wa damu. Ulizia bei sehemu mbili tatu, hutofautiana. Kama unaanza mazoezi makali na asili yako ni Pwani au kando ya Ziwa, ongeza selimundu kabla ya wiki ya kwanza. Kama huna hela ya chochote, daftari na uzi vitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Kiboksi mchukulie mtu aliyekwisha fanya hayo yote, ana hela ya kuchezea, anapenda kusoma juu ya asili yake, na amesoma masharti hadi mwisho. Daktari akikuandikia kipimo cha jeni kwa ugonjwa wa ukoo, hiyo ni habari nyingine kabisa, nenda.

Mpwa wangu nilimpeleka maabara Jumatatu, bila kunywa chai. Ili asione haya, nami nikatoa mkono. Yake yalitoka safi: AA, yaani hana jeni ya selimundu, sukari shwari. Aliyetoka na AS ni mimi, niliyekuwa nikikimbia saa tisa mchana miaka yote hii nikijiona dume. Na HbA1c yangu ya 5.6, niliyoisifia hadi barazani, ilikaa kando ya sukari ya asubuhi ya 6.4, karibu na ile 7.0.

Sasa nakimbia alfajiri, chupa mkononi, na nikisikia misuli inakaza nasimama bila kubishana nayo. Mahamri ni mawili, mke wangu ndiye mhesabu. Kiboksi kiko juu ya friji. Jana mpwa aliuliza, "Mjomba, hiki kina tarehe ya kuharibika?"